Spika za kutundika ukutani kwenye sebule ndogo: nizingatie nini kabla ya kununua?

Mwalimu wa Isevya, Tabora, anauliza:

Salaam kwenu nyote. Naomba ushauri wa watu wenye ujuzi wa vyombo vya sauti, hasa wanaozifahamu nyumba zetu za hapa Tabora. Sebule yangu ina urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.6. Kuta ni za matofali ya kuchoma zilizopigwa lipu, sakafu ni ya marumaru, na dari ni la jipsamu lenye kimo cha mita 2.7, ambalo juu yake kuna bati tupu. Runinga ya inchi 43 imefungwa kwenye ukuta mfupi, na kochi kubwa limeegemea ukuta wa pili unaotazamana nayo.

Kwa sasa natumia sabufa ya kawaida yenye spika ndogo mbili zinazokaa sakafuni. Mjukuu wangu ameanza kutembea na kila akipita anazivuta kwa nyaya zake, kwa hiyo nimeamua kuhamia kwenye spika za ukutani. Sababu ya pili ni sauti yenyewe. Mvumo unajaa chumba kizima lakini maneno ya msomaji wa habari hayapambanuki, na msimu wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili, mvua ikianza kupiga bati hatuambulii neno hata tukiongeza sauti mpaka jirani asumbuke. Matumizi yetu makubwa ni taarifa ya habari, mpira wa mwisho wa wiki, na jioni dansi la zamani.

Dukani nimeonyeshwa aina tatu. Ya kwanza ni ndogo, nyepesi, na boksi lake limeandikwa wati 1000. Ya pili ni nzito, imeandikwa wati 50, omu 8 na desibeli 86, na ina tundu la hewa mgongoni. Ya tatu ina maandishi yanayofanana na hayo, ila ni nyembamba kidogo na haina tundu lolote. Bei ya ya pili na ya tatu haipishani sana. Nichukue ipi, niitundike kimo gani, na je, tofali la kuchoma litaubeba uzito huo? Mwenye nyumba ameniruhusu kutoboa kwa sharti la kuziba matundu siku nitakapohama, kwa hiyo sipendi kutoboa mara mbilimbili.


Fundi wa Kanyenye anajibu:

Shikamoo mwalimu. Nashukuru kwamba umetaja vipimo vya chumba, kwa sababu wengi huuliza spika ipi ni nzuri bila kusema itakaa wapi, na swali la namna hiyo halina jibu.

Jambo ambalo ningependa ulishike kabla ya mengine yote ni kwamba spika ikishatundikwa, ukuta unakuwa sehemu ya spika hiyo. Sauti nyembamba, zinazotoka kwenye twita, yaani kile kispika kidogo cha sauti za juu, huelekea mbele. Besi haina mwelekeo, huzunguka boksi pande zote. Inapokutana na ukuta ulio karibu mgongoni hurudi mbele na kuungana na ile iliyotoka moja kwa moja, na kwa namna hiyo besi inaweza kupanda hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) bila wewe kugusa kitufe chochote. Pembeni mwa chumba, kuta mbili zinapokutana, ongezeko huwa kubwa zaidi. Spika iliyoundwa kusimama katikati ya chumba haikuliwazia ongezeko hilo, na ndiyo maana ikipelekwa ukutani huanza kuvuma na kuyafunika maneno, hata kama dukani ilisikika safi.

Kwa hiyo kati ya aina zako tatu mimi ningechukua ya tatu, ile isiyo na tundu. Boksi lililofungwa hupunguza besi taratibu kadiri sauti inavyoshuka, na ukuta unaifidia sehemu ya upungufu huo. Ile yenye tundu la mgongoni inahitaji nafasi ya kupumua nyuma yake. Ukiibana sentimita chache kutoka ukutani, utendaji wa tundu lile hubadilika na besi hupoteza umbo. Kama ingekuwa na tundu upande wa mbele ningeikubali. Kama tayari ungekuwa umeinunua, ningekushauri uzibe tundu kwa sponji laini, jambo ambalo husaidia kwa kiasi, lakini hujainunua bado, na huna sababu ya kununua kitu ili ukizibe. Tena kwa hapa kwetu kuna suala la nyigu wa udongo: tundu wazi ukutani ni mahali wanapopenda kujenga, na vumbi la kiangazi nalo huingia humo humo.

Kuhusu wati 1000, tafadhali usiyazingatie maandishi hayo. Mara nyingi huambatana na herufi PMPO, ambazo hazina kipimo kimoja kinachokubalika, na kila mtengenezaji huandika anachotaka. Geuza chombo chenyewe na usome kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme kinaotumia. Kikiwa kinavuta wati 40 kutoka kwenye soketi, hakiwezi kutoa wati 1000 za sauti, kwa sababu hakuna chombo kinachotoa nguvu zaidi ya inayoingia.

Maandishi ya kuyathamini ni hizo desibeli 86. Maana yake ni kwamba spika ikipewa wati 1 na kusikilizwa kutoka umbali wa mita 1, hutoa kiwango hicho cha sauti. Kuzidisha nguvu mara kumi kunaongeza desibeli 10, na kila umbali unapokuwa mara mbili, penye uwanda wazi, sauti hupungua kwa desibeli 6. Kochi lako liko kama mita 3.4 kutoka kwenye spika, kwa hiyo wati 10 tu kwa kila spika zitakufikishia takriban desibeli 85 hata tusipohesabu msaada wa kuta. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni karibu desibeli 60. Amplifaya ya wati 30 hadi 50 za kweli kwa kila upande, inayokubali mzigo wa omu 8 (omu ni kipimo cha upinzani wa umeme), inakutosha kabisa na haitachoka.

Ya kimo: sikio la mtu aliyeketi kwenye kochi liko karibu mita 1 kutoka sakafuni, na hapo ndipo twita ingependa kuelekea. Lakini kwa ajili ya mjukuu usishushe spika mpaka huko. Weka katikati ya spika kwenye mita 1.6, kisha uinamishe kwa nyuzi kama 10 iangalie kochi. Nunua breketi inayoinama na kugeuka pembeni, siyo kile kindoano cha kuning'iniza picha. Na kama twita iko juu ya wufa, yaani kile kispika kikubwa cha besi, unaweza kuigeuza spika kichwa chini ili twita ikaribie usawa wa masikio. Hilo haliiharibu spika hata kidogo.


Mkazi wa Cheyo anajibu:

Habari za jioni, mwalimu. Bila kumpinga fundi, naomba utafakari pia saundibaa, yaani spika moja ndefu inayofungwa chini ya runinga. Ukiacha waya wa umeme, waya wake ni mmoja tu wa HDMI, inatobolewa sehemu mbili badala ya nne au zaidi, hakuna amplifaya ya kutafutia meza, na rimoti ya runinga huiongoza. Nyingi zina kitufe cha kuinua sauti ya mazungumzo, na kwa taarifa ya habari nimeona kinasaidia. Kwa mpangaji ambaye huenda akahama, wepesi huo si jambo la kupuuza. Kwa mtoto pia ni salama, kwa kuwa nyaya zote zinajificha nyuma ya runinga.


Msikilizaji wa dansi, Ng'ambo, anajibu:

Shikamoo mwalimu, na heshima kwa waliotangulia. Hoja ya saundibaa ni ya kweli kwa mtu anayetazama habari tu. Mwalimu ametaja dansi la zamani, na hapo ndipo ninapotofautiana na ndugu wa Cheyo. Mji huu ni mji wa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Rekodi nyingi za dansi za miaka ya 1960 na 1970 zilifanywa kwa njia moja ya sauti, na watu hudhani kwa sababu hiyo spika moja inatosha. Ninavyosikia mimi, ni kinyume. Spika mbili zinazofanana, zilizo umbali sawa kutoka kwa msikilizaji, zikitoa sauti ileile, humsimamisha mwimbaji katikati kabisa, mahali pasipo na spika yoyote, na magitaa hukaa nyuma yake kwa nafasi. Saundibaa yenye wufa zilizobanana ndani ya boksi la chini ya mita moja hufanya kila kitu kitoke kwenye kijiboksi. Unayasikia maneno lakini bendi huioni.

Nina pendekezo lisilogharimu kitu, nalo ni kukigeuza chumba. Runinga iko kwenye ukuta wa mita 3.6. Hata ukiacha sentimita 60 kila pembe ili kukwepa mvumo aliousema fundi, spika zitaachana mita 2.4, na kutoka kwenye kochi zitaonekana kwa pembe ya nyuzi 41 hivi. Kanuni inayotumika duniani kote ni nyuzi 60, yaani msikilizaji na spika mbili waunde pembetatu yenye pande sawa. Ukiihamishia runinga ukuta mrefu wa mita 4.2, utaziachanisha spika mita 2.6 na bado zitabaki sentimita 80 kila pembe. Masikio yako yatakuwa kama mita 2.6 mbele ya uso wa spika, na pembe itapanda hadi nyuzi 53. Kwa macho tofauti haionekani, kwa masikio inasikika tangu wimbo wa kwanza.

Kukaribia kuna faida nyingine inayohusu mvua. Kelele ya bati inaanguka sawasawa chumba kizima, haijali umeketi wapi, lakini sauti ya spika inaongezeka kadiri unavyoisogelea. Ongezeko hapa ni dogo, desibeli moja na nusu hivi, ila linakuja bila jirani kuongezewa chochote. Kubwa zaidi ni kupunguza besi mvua inaponyesha. Herufi zinazotofautisha neno moja na jingine, kama s, t, f na k, hutegemea zaidi sauti za juu, hasa kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2000 na 4000, na mvumo mzito ndio unaozizamisha. Mtu akipandisha sauti yote kwa pamoja anapandisha na kile kinachomzuia kusikia.

Usisahau pia marumaru. Sakafu tupu, dari gumu na kuta za lipu hurudishiana sauti kama ndani ya tangi la maji, na hakuna spika itakayolitibu hilo peke yake. Zulia nene kati ya kochi na runinga na pazia zito dirishani vitakusaidia kuliko kuongeza fedha kwenye spika.


Mwalimu wa Isevya anajibu:

Marahaba wanangu, na nawashukuru kwa kunijibu kwa kina namna hii. Nimepima ukuta mrefu na inawezekana. Mlango wa korido uko kwenye ukuta mfupi, na dirisha liko upande ambao kochi litaegemea, kwa hiyo ukuta wa runinga utakuwa mtupu isipokuwa soketi moja ya umeme, ambayo iko mita 1 kutoka pembe ya kushoto. Saundibaa nimeifikiria kwa uzito kwa sababu ya wepesi wake, lakini muziki ni sehemu kubwa ya jioni zetu, na ningependa kuusikia kama alivyoueleza ndugu wa Ng'ambo. Nitachukua ile aina ya tatu isiyo na tundu. Dukani zimepimwa, na kila moja ina kilo 5.

Nimebakiwa na wasiwasi wa kutoboa na wa nyaya. Matofali ya nyumba hii hayakuchomwa sawasawa. Mahali pengine msumari unaingia kwa nyundo bila taabu. Runinga nayo nimeitazama mgongoni: haina matundu yale ya rangi nyekundu na nyeupe niliyozoea, ina tundu dogo la mraba lililoandikwa OPTICAL na matundu matatu ya HDMI.


Fundi wa Kanyenye anajibu:

Mwalimu, nianze na runinga, kwa kuwa itaamua amplifaya ya kununua. Tafuta amplifaya yenye tundu kama hilo la OPTICAL, na uziunganishe kwa waya wake maalumu unaopitisha mwanga. Ukishaunganisha, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga na uchague PCM, yaani sauti ya kidijitali isiyobanwa. Ukiacha mpangilio mwingine, amplifaya ya njia mbili inaweza kukaa kimya kabisa, na watu wengi hurudisha chombo kizima dukani wakidhani ni kibovu. Ukikosa amplifaya ya namna hiyo hapa mjini, kuna kiboksi kidogo cha kugeuza mwanga kuwa sauti ya matundu mekundu na meupe.

Spika zenyewe zisiwe zile zenye amplifaya ndani yake. Hizo huhitaji soketi karibu, na utakuwa na waya wa volti 230 unaoning'inia ukutani penye mtoto. Umeme wote ubaki kwenye amplifaya, ikae juu ya kabati, na ichomolewe umeme unapokatika, kwa maana unaporudi ndipo hupanda na kushuka.

Sasa kutoboa. Lipu usiihesabu kama ukuta. Unene wake wa sentimita moja na nusu au mbili haushiki kitu, nguvu yote iko ndani ya tofali. Tumia kibiti cha milimita 8, plagi ya plastiki ya milimita 8 na skrubu yenye unene wa milimita 5 na urefu usiopungua milimita 60. Kwa tofali laini kama lako, mashine izunguke tu, usiwashe ile hali yake ya kugonga, kwa sababu inapanua tundu na kuvunja tofali kwa ndani, ukabaki na plagi inayozunguka bila kushika. Angalia unga unaotoka: ukibadilika kutoka kijivu cha lipu kuwa mwekundu, umefika kwenye tofali. Ukiendelea kuwa wa kijivu, huenda umeangukia kwenye kiungo cha saruji kati ya tofali na tofali. Sogea sentimita 3 au 4 juu au chini.

Pale utakapokuta tofali bovu, usilazimishe. Chukua ubao wa mninga wenye unene wa sentimita 2 na ukubwa unaozidi kidogo breketi, uufunge kwa skrubu nne zilizotawanyika, kisha breketi uifunge kwenye ubao. Uzito wa kilo 5 ukigawanywa kwa skrubu nne zilizofika kwenye matofali tofauti ni mdogo sana. Hapa Tabora mninga unapatikana, na mchwa hawaushambulii kwa urahisi kama mbao nyeupe. Upake rangi ya ukuta, hautaonekana.

Soketi yako iko mita 1 kutoka pembe, na spika itakuwa sentimita 80 kutoka pembe hiyohiyo. Hapo uwe mwangalifu mno. Bomba la waya kwa kawaida hupanda wima kutoka kwenye soketi kuelekea darini, kwa hiyo usitoboe popote kwenye mstari ulio juu yake, na uache angalau sentimita 15 kila upande. Ukikaza kwa sentimita 80 utabaki na nafasi ya sentimita 20, ambayo inafaa kwa breketi nyembamba, ila si kwa ubao mpana. Mzime swichi kuu ya nyumba wakati wa kutoboa na mtumie mashine ya betri. Kama haipo, sogezeni spika zote mbili zikae sentimita 70 kutoka pembe zake. Zikisogea sawa hakuna kinachoharibika.

Waya wa spika uwe wa shaba wa milimita za mraba 1.5. Kwa urefu wa mita 8 kwenda, upinzani wake wote kwenda na kurudi hauzidi omu 0.2, ambao kwa spika ya omu 8 hauna athari. Dukani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, nao ni mwepesi na rahisi zaidi. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, chukua unene unaofuata, milimita 2.5. Upitishe waya ndani ya mfereji wa plastiki unaobandikwa ukutani, uanzie juu, mtoto asiufikie.

Mwisho kabisa, kabla hamjakaza skrubu za breketi, hakikisheni chanya ya amplifaya imeingia kwenye chanya ya spika pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, wufa moja itasukuma wakati nyingine inavuta, besi itatoweka, na mwimbaji hatakaa katikati. Kama alama za nyaya zimefutika, chomoa waya kwenye amplifaya na uguse ncha zake kwa betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja tu: wufa ikiruka kuja mbele, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya. Kisha pigeni wimbo wa dansi mnaoufahamu vizuri, wewe ukiwa umeketi katikati ya kochi, na mtu mmoja azigeuze spika kidogo kidogo kuelekea kwako mpaka sauti ya mwimbaji itulie juu ya runinga. Hapo ndipo zikazwe. Kama bado kuna mvumo baada ya zulia na pazia kuwekwa, niandikie hapa umbali wa kila spika kutoka pembe yake, na usitoboe tundu jingine kabla sijakujibu.